Mh. Waziri wa Afya, sindano ya Anti-D iwe kwenye friji kabla mama hajaingia leba

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Shikamoo Mheshimiwa, na pole na majukumu. Naandika barua hii hadharani ili na wengine waisome, maana jambo lenyewe sio langu peke yangu, ni la akina mama wote wenye damu negativu, iwe O, A, B au AB, ambao hapa kwetu ni wachache, kama 3 mpaka 5 katika kila 100, na nahisi huo uchache ndio unafanya tusahaulike. Ombi langu nalisema mapema kabisa usije ukachoka kulitafuta: sindano ya Anti-D, ile inayomkinga mtoto wa mimba ijayo wa mama mwenye damu negativu, iwepo kila hospitali ya wilaya na kila kituo cha afya kinachozalisha, ikae kwenye friji kabla mama hajashikwa uchungu, isiwe kitu ambacho mume anaandikiwa kwenye kikaratasi halafu anaambiwa katafute.

Hicho kikaratasi nakijua. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, huku upande wa Geita, walichukua damu ya kitovu wakaipeleka maabara, majibu yakarudi mtoto ni O positivu na mimi ni O negativu, basi nesi akachana kipande cha daftari akamwandikia mume wangu jina la dawa, akamwambia baba hii ipatikane ndani ya masaa 72. Akazunguka famasi zote alizozijua, hamna, kwingine hata wauzaji wanaulizana wenyewe kwa wenyewe ni dawa ya nini. Ikabidi tumpigie shemeji yangu aliyeko Mwanza naye aingie mtaani, akaipata famasi moja, kwa bei ambayo tulikopa ili tuilipe. Muuzaji akamwambia isipate joto na pia isigande, sasa afanyeje na yeye hana kile kiboksi cha chanjo, akanunua barafu za vimfuko zile wanazouziwa watoto wa shule, akazishindilia kwenye chupa ya chai, dawa akaizungushia gazeti na nailoni ili isigusane na barafu, akamkabidhi konda wa basi na namba ya simu ya mume wangu. Wakati huo daraja la Kigongo-Busisi lilikuwa halijafunguliwa, kwahiyo basi likakaa kwenye foleni ya kivuko, na mimi nimelala wodini na kichanga pembeni naulizia tu basi limefika wapi. Chupa ilipofunguliwa barafu zote zilishayeyuka yakabaki maji ya baridi, ila muda ulikuwa haujapita nikachomwa. Nesi aliyenichoma alimshukuru Mungu kwa sauti. Simlaumu hata kidogo, yeye alifanya kila kilichokuwa kwenye uwezo wake.

Kinachoniuma Mheshimiwa ni kwamba hiyo haikuwa dharura. Dharura ni kitu kinachokuja bila taarifa, na mimi taarifa nilishaitoa siku ya kwanza kliniki, nikapimwa damu, nesi akaandika kwenye kadi yangu ya kliniki, ile ya RCH 4, "O neg" kwa peni nyekundu na kuizungushia duara. Kila hudhurio lile duara lipo pale pale, tumbo linakua, wanapima presha, wanapima wingi wa damu, wanasikiliza mapigo ya mtoto, wanaliona, na hakuna hata mmoja mwenye njia ya kuligeuza lile duara likawa oda ya dawa. Yani serikali ilikuwa na miezi kujua kwamba mwanamke fulani, kijiji fulani, atajifungua karibu mwezi fulani na atahitaji sindano moja. Nani mwingine kwenye sekta ya afya anatoa taarifa ya mapema namna hiyo? Malaria haiwezi kukwambia itampata nani mwezi wa sita.

Kwa wanaosoma ambao hawajui tatizo lenyewe, wacha nieleze jinsi nilivyoelezwa na daktari mpaka nikaelewa. Positivu na negativu ni habari ya kitu kidogo kilichopo juu ya chembe nyekundu za damu, wengi wanacho, sisi hatuna. Mama negativu akiwa na mtoto aliyerithi positivu ya baba yake, damu kidogo ya mtoto inaweza kupenya ikaingia kwa mama, hasa wakati wa kujifungua, na mwili wa mama ukiiona unaihesabu kama mgeni na kutengeneza kingamwili za kumpiga. Mtoto wa kwanza kwa kawaida anakuwa ameshatoka salama, ndio maana watu wanaona hamna shida. Shida inamsubiri mdogo wake. Zile kingamwili zinabaki mwilini, mimba inayofuata zinapita kwenye kondo na kuanza kuvunja damu ya mtoto akiwa bado tumboni, anaishiwa damu, wengine wanavimba mwili mzima na kufia humo humo, wengine wanazaliwa na umanjano mkali ambao usipotibiwa haraka unapanda mpaka kwenye ubongo. Sindano ya Anti-D inaziwahi zile chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujajifunza kuzipiga. Ukishajifunza, sindano haisaidii tena hata ukichomwa kumi, na hapo ndipo ilipo maana ya yale masaa 72.

Na sio kujifungua tu. Mimba ikiharibika, ikitunga nje ya kizazi, mama akitokwa damu katikati ya ujauzito au akaanguka na bodaboda akagonga tumbo, damu inaweza kuchanganyika pia. Hapa ndipo tunapopotea wengi. Mama mimba imetoka, anasafishwa, anapewa antibayotiki, anaambiwa pole utapata mwingine, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na grupu lake la damu halijaulizwa na mtu. Kliniki nilikutana na dada mmoja ambaye mambo yake yalianzia hapo. Mimba ya kwanza ilitoka changa, hakuchomwa kitu. Ya pili ikafika miezi saba mtoto akaacha kucheza, akazaliwa amekufa, amevimba. Ya tatu hivyo hivyo. Ukweni wakasema ana mkosi, wengine wakasema kafungwa kizazi, wakampeleka kwa mganga akachanjwa, mume akaanza kushauriwa aoe mwingine, na muda wote huo hakuna aliyekaa naye chini akamwambia mama wewe hujalogwa, ni damu yako na ya mwanao, na ilikuwepo sindano. Alikuja kuambiwa akiwa mjamzito wa nne, kipimo cha Coombs kikaonyesha kingamwili zimeshajaa. Alinisimulia bila kulia, na mimi ndio niliyelia.

Mheshimiwa, sindano hii sio ya majaribio. Imeidhinishwa Marekani tangu 1968, na kabla yake watafiti wa New York na wa Liverpool walishaona kwamba inafanya kazi. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Bila sindano, katika kila akina mama 100 negativu waliozaa mtoto positivu kama 16 wanapata kingamwili, wakichomwa baada ya kujifungua wanabaki chini ya 2, na wakiongezewa nyingine ujauzito ukiwa wiki ya 28 inakuwa pungufu ya mmoja. Najua kuhusu hiyo ya wiki ya 28 wataalamu wana maoni tofauti kwa nchi zenye kipato kama chetu, sitaki kubishana nao, mimi naanzia kwenye ile ya baada ya kujifungua, ambayo sijasikia mtaalamu anayeipinga, na ya baada ya mimba kutoka, ingawa kwa mimba changa sana wataalamu nako wanatofautiana.

Halafu kuna hesabu ambayo naomba wataalamu wako wakukalie nayo. Nchini wanazaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Ukichukua wale 3 katika 100 tu, ni zaidi ya akina mama 60,000 kila mwaka. Na kwa sababu hapa kwetu karibu kila mwanaume ni positivu, mama negativu wa Tanzania ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba mtoto positivu kuliko mwenzake wa Ulaya, ambako watu negativu ni kama 15 katika 100 na wanaweza kukutana wenyewe kwa wenyewe. Sisi wachache ndio tuliopo kwenye hatari zaidi, ila kule kwa kuwa ni wengi mfumo unawakumbuka.

Bei ni kubwa na sababu yake naielewa. Dawa hii inatoka kwenye utegili, yale maji maji ya damu, wa watu wanaojitolea, watu ambao miili yao ina zile kingamwili. Kuna mzee wa Australia, James Harrison, alichangia mara 1,173 kuanzia ujana wake mpaka 2018 alipofika miaka 81 akazuiwa kwa sababu ya umri, ameshafariki, mwezi wa pili 2025, na inakadiriwa damu yake imesaidia watoto milioni 2.4. Kitu kinachopatikana kwa jasho la namna hiyo hakiwezi kuwa cha bei rahisi, nakubali. Lakini sera yetu inasema huduma za mama mjamzito ni bure, na huwezi kumwambia mama ni bure halafu kitu kimoja kinachoamua kama mtoto wake wa pili ataishi akakinunue Mwanza. MSD, bohari ya dawa ya serikali, ikinunua kwa pamoja kwa ajili ya nchi nzima lazima ipate bei ya chini kuliko aliyopata shemeji yangu dukani.

Na suala la friji lisije likawa kisingizio. Anti-D inatunzwa nyuzi 2 mpaka 8, joto lile lile la chanjo nyingi za watoto. Zahanati za vijijini kabisa, ambako hata maji ya bomba hakuna, nimeona friji ya chanjo inafanya kazi na karatasi ya kurekodi joto imebandikwa mlangoni, asubuhi na jioni nesi anaandika. Kwahiyo njia ya kufikisha kitu cha baridi mpaka kijijini nchi hii tunayo, tena tunaiweza vizuri sana, na wilaya moja kwa mwezi haihitaji hata kujaza shelfu.

Kinachotakiwa kingine ni vipimo. Kuna akina mama wengi kadi zao ile sehemu ya grupu la damu ipo wazi mpaka siku ya kujifungua, kwa sababu zahanati kitendanishi, yaani dawa ya kupimia grupu, kimeisha na mama ameambiwa akapime mjini, nauli hana, basi imepita hivyo. Huyo hata dawa ikiwepo hatachomwa maana hakuna anayejua kama anaihitaji. Naomba kitendanishi cha grupu la damu kihesabiwe sawa na kipimo cha malaria, kisikosekane. Na kliniki ikishaona negativu, jina la mama lipelekwe kwa mfamasia wa wilaya wiki hiyo hiyo pamoja na tarehe ya makadirio, ili dawa iagizwe kwa jina la mtu anayejulikana. Hii wala haihitaji mtambo mpya, simu ya kawaida inatosha. Wale wanaokuja mimba imetoka nao wapimwe grupu kabla ya kuruhusiwa, iwe ni sharti la kuruhusiwa kwenyewe.

Baba naye apimwe hapo hapo siku anayomsindikiza mkewe, akiwa negativu kama mke wake basi watoto watakuwa negativu na hofu yote inaisha bila gharama, akiwa positivu ajue mapema hela ya nini inaweza kuhitajika na awe tayari kumjibu mama yake mzazi atakapoanza kuuliza mkwe ana nini.

Nisiache pia hili la damu ya kuongezewa. Mama negativu akivuja damu baada ya kujifungua anahitaji damu negativu, na kwenye benki huwa ipo chupa moja au hakuna. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una vituo vya kanda, vikiwemo vya Mwanza, Moshi, Tabora, Mbeya, Mtwara na Dar, wachangiaji negativu wanajulikana kwa majina maana wameshapimwa. Kila wilaya ikiwa na orodha yake ya watu hao na ruhusa yao ya kupigiwa simu usiku, mimi naomba niwe wa kwanza kwenye orodha ya huku kwetu.

Swali ninaloomba unijibu hadharani Mheshimiwa ni hili: mama aliyeandikwa negativu kliniki wiki hii, kituo chake cha afya kikiomba Anti-D leo kupitia njia ya kawaida ya kuagiza dawa, itamfikia kabla hajajifungua? Na kama haitamfikia, imekwama meza ya nani, na itakwamuliwa lini? Wiki hii kuna wanaoandikwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa watoto wawili, O negativu,
Geita.