Shimo la kwanza libaki pa 5

Swahibu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku baridini. Nasikia joto la Mombasa halijawahurumia. Huku Julai hii umande unalowesha viatu mpaka saa nne asubuhi. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliisoma kwa hasira. Unasema kamati ya klabu yetu ya gofu ina haki kutaka shimo la kwanza lishushwe kutoka pa 5 hadi pa 4 (pa ndiyo mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji hodari), kwamba shimo letu ni pa 4 iliyovikwa kanzu ya pa 5, na kijana anayefika grini, zile nyasi fupi zenye kishimo, kwa miwili tu, draiva (fimbo ya kupiga mbali) na chuma namba 7, hastahili kuandikiwa badi, yaani mmoja chini ya pa, kwa kupata 4. Wewe bado ni mwanachama na kura yako inahesabiwa, kwa hiyo nakuomba unisikilize.

Yasiyo na ubishi nayakubali. Kutoka tii ya wanaume, pale pa kuanzia, ni yadi 465, mteremko mtupu, hakuna maji, banka (shimo la mchanga) ni moja tu. Mwongozo wa dunia wa hendikapu (mikwaju ya nafuu anayopewa mchezaji kwa kadiri ya uwezo wake) unaweka pa 4 ya wanaume kati ya yadi 240 na 490, na pa 5 kati ya 450 na 710. Shimo letu limekaa pale pale vipimo vinapopishana, na kamati imeruhusiwa kuchagua. Sheria hawavunji. Ila wanachagua vibaya.

Umenitajia bingwa wa Marekani Arnold Palmer, uwanja wa Cherry Hills, mwaka 1960. Shimo la kwanza yadi 346, pa 4, raundi ya mwisho ya US Open, naye yuko nyuma kwa mikwaju saba. Akapiga draiva mpaka grini, akapata badi, akamaliza kwa 65 na kombe akalichukua. Mfano mtamu, lakini umeiruka raundi ya kwanza: shimo lile lile, draiva ile ile, mpira ukaingia majini, akaandika 6. Tena lile lilikuwa fupi kuliko letu kwa zaidi ya yadi mia moja.

Mimi mfano wangu ni uwanja wa Riviera, kule Los Angeles. Shimo la kwanza ni pa 5 ya yadi 503, tii imeinuka kama futi 75 juu ya feawei (njia ya nyasi zilizokatwa kuelekea grini), na jengo la klabu liko mgongoni mwako. Wachezaji wa kulipwa hufika grini kwa mikwaju miwili, na kila mwaka ni miongoni mwa mashimo rahisi kabisa wanayokutana nayo. Shimo la pili, lenye yadi 471, linaitwa pa 4, na hilo huwatoa jasho. Wapo wanaosema la kwanza nalo liitwe 4. Lakini mchoraji wa uwanja ule, George Thomas, alifungua kwa pa 5 pale, na Bel-Air, na uwanja wa Kaskazini wa Los Angeles Country Club pia. Mtu hafanyi jambo mara tatu kwa kupitiwa.

Tazama linavyofanya kazi. Bingwa akiandika 5 pale, kadi haimdai kitu, lakini yeye anajua wenzake wengi wameondoka na 4, na anaelekea shimo la pili akiwa na deni. Mgeni mwenye hendikapu 24 akiandika 5 hiyo hiyo, anatembea kifua mbele. Ukilibandika 4, bingwa anapumua na mgeni ndiye anayeanza siku na deni.

(Feawei za Riviera, kama hujui, ni nyasi za kikuyu, hizi hizi zilizotoka milima ya kwetu Afrika Mashariki. Nikiona kwenye televisheni mpira wa bwana mkubwa umetua mbele ya grini, ukashikwa na nyasi ukakataa kudunda, nakumbuka ni mara ngapi tuliwaonya tuliowabebea mifuko.)

Sasa nikukumbushe siku yangu. Baada ya miaka kumi na moja ya ukedi, kazi ya kuwabebea wachezaji mifuko, ndiyo asubuhi ya kwanza nacheza kama mwanachama, na wewe umebeba mfuko wangu na umekataa malipo. Verandani watu wamejaa na chai zao. Mpira uliniangukia kwenye tii mara tatu kabla sijapiga, na nilipopiga niligonga kichwa chake, ukabiringika yadi sitini hivi. Hukusema neno. Ulichomoa chuma namba 5, ukakifuta uso kwa kitambaa ingawa kilikuwa safi, ukanipa. Nikapiga miwili iliyonyooka, wa nne ukatua hatua tatu kutoka shimoni, wa tano ukaingia. Ukaandika kwenye kadi, ukaninong'oneza, "Pa." Neno hilo moja lilinibeba mashimo yote yaliyobaki. Kama kamati ingekuwa imekutangulia, ungeninong'oneza nini?

Akina mama ndio wanaoniuma zaidi. Tii yao ni yadi 395, nayo kamati inataka kuwabadilishia vilevile, ingawa kwa wanawake pa 5 huanzia yadi 370. Yule mwalimu mstaafu wa kila Jumanne hufika grini kwa mikwaju mitatu safi, hajakosea hata mmoja. Kisha kadi imwambie kachelewa?

Hoja yako ya foleni ina uzito. Ni kweli, anayeweza kufika kwa miwili husimama kungoja grini iwe wazi, na nyuma watu wanarundikana. Lakini ni mmoja katika kundi zima, na yadi ni zile zile. Ukiliita 4 bado atangoja.

Na hesabu je? Kwa kuwa uwanja wetu una mashimo tisa na tunayazunguka mara mbili, pa ya 72 itashuka hadi 70. Katika kukokotoa hendikapu ya uwanja, pa hutolewa kwenye ukadiriaji wa uwanja (mikwaju anayokadiriwa kuutumia mchezaji asiye na hendikapu), kwa hiyo kila mtu ataongezewa mikwaju miwili, na mshindi atabaki yule yule. Uwanja hautakuwa mgumu hata kwa unywele. Kitakachobadilika ni tarakimu ya kwanza anayoiona mgeni akifungua kadi.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na kura ya barua inakubaliwa ikimfikia katibu kabla ya Alhamisi. Ukishikilia 4, andika 4, nami nitaifikisha mezani bila kuifungua. Ila kabla hujaandika, Jumapili asubuhi kasimame kwenye tii ya kwanza ya huko kwenu, umtafute anayecheza mbele za watu kwa mara ya kwanza, utazame mikono yake.

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi, swahibu wako wa tangu ukedi.