Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Kifungo kimeisha, mbona bado yuko jela?

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi yangu ni kuwatembelea wafungwa huku kaskazini mwa Kenya. Juzi nilizungumza na kijana wa Ethiopia aliyekamatwa akiwa njiani kwenda Afrika Kusini. Alishtakiwa kwa kuwa nchini kinyume cha sheria, akakiri, faini ikamshinda, akatumikia kifungo. Siku ya kutoka alivua sare, akapewa nguo zake, kisha akarudishwa seli. Hakuna gari la kumfikisha mpakani, akaambiwa. Hadi leo yumo humo na shati lake la nyumbani, katikati ya wenye sare.

Najua mawakili wako watakimbilia kifungu cha 43 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Kinakuruhusu kuamuru mtu aondolewe nchini, na akingoja safari awekwe jela au korokoroni, na ihesabiwe kuwa anashikiliwa kihalali. Sawa. Lakini kinataka amri ya maandishi. Nilipoomba nakala ya amri ya kijana huyu, nilijibiwa kwamba "inashughulikiwa". Sasa anashikiliwa kwa amri ya nani?

Hata amri ikiwepo, kifungu hakikutaja siku, na hapo ndipo watu husahaulika. Ibara ya 29 ya Katiba inamkinga kila mtu, si raia peke yake, asinyimwe uhuru kiholela. Uingereza walishakutana na jambo hili mwaka 1983, katika kesi ya Hardial Singh, raia wa India aliyemaliza kifungo akabakizwa gereza la Durham. Mahakama ilisema mamlaka ya kumshikilia ni ya kumsafirisha tu, kwa muda wa kiasi, na serikali ionekane ikihangaika kumsafirisha. Uamuzi huo hauwafungi majaji wetu, ila sijasikia hoja ya kuupangua.

Na tusiambiwe usafiri ni shida. Machi 2018 Miguna Miguna, wakili na mwanasiasa wa upinzani, alipakiwa kwenye ndege ya Dubai ilhali mahakama imeagiza aachiliwe. Mkitaka, ndege hupatikana. Sisi tunaomba basi tu, na lami imefika Moyale, mpakani na Ethiopia.

Agiza kila gereza likuletee majina ya waliomaliza vifungo. Asiye na amri aachiliwe. Mwenye amri ambaye safari yake haijapangwa afikishwe mbele ya hakimu, na anayeogopa kurudishwa kwao asikilizwe kwanza chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Orodha hiyo naisubiri, Mheshimiwa.