Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kubisha hodi kwa wachapishaji

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na wanaodaiwa wanajijua. Mimi nina jambo moja lililotuchosha mwaka mzima: kutafuta mchapishaji wa nje, yaani kampuni ya kugharamia na kuuza gemu, kwa gemu yetu ya kompyuta ya omweso, ule mchezo wetu wa ubao unaofanana na bao.

Tulifanya vikao 7 kwa njia ya video. Vitatu vya kwanza tuliviharibu wenyewe. Tulikuwa na slaidi 28, nyingi zikieleza historia ya Buganda na ukosefu wa ajira kwa vijana, na kikao chenyewe ni nusu saa. Dakika ya 19 mama mmoja wa Uingereza akauliza kwa upole kama angeweza kuona mtu akicheza. Hapo hapo umeme ukakatika. (Ombi la betri ya akiba liko kwenye bajeti, msilipitie haraka.)

Tukapindua mambo. Slaidi zikabaki 10. Trela, video yetu fupi ya kuitangaza gemu, sasa haianzi na nembo wala ramani ya Afrika: mkono unachota empiki (kete), unazisambaza shimo kwa shimo, za mpinzani zinatekwa. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Mgeni ukimweleza unampoteza, akicheza anaelewa. Kwa hiyo demo, sehemu ya gemu ya kujaribia, tunaituma siku 3 kabla ya kikao, nayo haihitaji intaneti. Katika kikao cha tano mchapishaji alikuja ameshacheza, tena akiwa na malalamiko kuhusu kitufe cha kurudi nyuma. Nilifurahi kuliko aliponisifu yule wa kwanza.

Bei nayo ilituponza. Tuliomba fedha kidogo kwa kuona haya, tukaulizwa nani atawalipa wajaribu gemu na mwanamuziki. Bajeti mpya ina mishahara ya watu 4 kwa miezi 14.

Mkataba mmoja ulifika mezani, tukaukataa. Mchapishaji alitaka kwanza arudishe gharama zake zote, za matangazo zikiwa hazina kikomo, ndipo sisi tuanze kupata mgao. Steam, duka la mtandaoni la gemu, hukata asilimia 30 kabla yetu sote; katika dola 100 zinabaki 70, naye azishike mpaka aseme basi! Najua baadhi yenu mlikasirika. Mimi nilipiga kura ya kukataa, na leo ningeipiga tena.

Mazungumzo na mwingine yanaendelea. Wakati huo ukurasa wetu wa Steam uko wazi. Ada ya dola 100 ilitoka kwenye mfuko wa chama, na hurudishwa gemu ikishaingiza dola 1,000. Kila mchapishaji huuliza ni watu wangapi wameiweka gemu kwenye orodha ya wanazozitaka, na wengi wenu bado hamjafanya hivyo. Fanyeni leo, kabla ya chai.

Nafasi ya katibu iko wazi. Tunamtaka anayeweza kuandika barua pepe ya mistari 5.

Mwenyekiti,
Kampala