Salumu, Kitonga usiachie gia

Morogoro,
Jumapili usiku

Salumu ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, mtoto ameacha kukohoa, na Mama Neema anasema sufuria lake hajalisahau. Nisamehe kwa ukimya wa miezi minane.

Bakari kapita hapa Ijumaa. Kaniambia umekabidhiwa semi, tani 40 pamoja na mzigo, njia ya Tunduma. Nikafurahi sana. Kisha akaongeza kwamba tajiri anataka mteremke na gia huru ili mbane mafuta. Tangu hapo usingizi umenipaa, maana njia hiyo ina Kitonga, ule mlima wenye mteremko mkali.

Unakumbuka tulivyokariri? Kazi ni kani mara umbali. Nguvu ni kazi gawanya kwa muda. Tulipata alama zetu tukasahau. Juzi nikifundisha kidato cha pili nimeacha mfano wa tofali wa kila mwaka, nikachora lori lako ubaoni.

Tani 40 zikishuka mita 100 za kimo (kimo, si urefu wa barabara) zinaachia jouli milioni 39 hivi. Nishati hiyo haipotei, lazima kitu kiimeze. Gari likiwa kwenye gia ya chini, injini inameza sehemu kubwa. Ukiachia gia, karibu yote inaishia kwenye breki, inakuwa joto. Wanafunzi wamepiga hesabu: joto hilo linachemsha ndoo tano na zaidi za maji, zile za lita 20. Kwa mita 100 tu, Salumu! Kitonga ni zaidi ya hapo. Breki zikiiva, unakanyaga na hazishiki.

Sasa sikia jambo lililowashangaza hata wao. Chukua mteremko unaoshuka mita 6 katika kila mita 100. Ukienda spidi 50, kimo kile unakimaliza kwa dakika mbili. Ukienda 20, dakika tano. Kazi ni ile ile, joto ni lile lile. Kinachotofautiana ni nguvu: kwa 50 breki zinabebeshwa kilowati 330 hivi, kwa 20 ni 130, na upepo unapata muda wa kuzipoza. Ndiyo maana wazee wa barabara husema teremka kwa gia ambayo ungepandia. Hawakuandika fomula, lakini wamesema kweli tupu.

Na hayo mafuta yenyewe hayabanwi. Injini nyingi za dizeli za siku hizi, gari likiwa kwenye gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, zinakata dizeli kabisa. Kwenye gia huru injini lazima iendelee kuchoma ili isizime. Mwambie tajiri hivyo, kwa upole, lakini mwambie.

Jambo jingine, utingo wako. Asisimame kamwe mbele ya tairi kuweka jiwe gari likiwa bado linajongea. Momenta ni tungamo mara kasi: tani 40 zikitambaa kwa spidi 4, mwendo wa mtu anayetembea, zina momenta sawa na gari dogo la tani moja linalokimbia 160. Jicho linaona kitu cha polepole, mwili wa mtu haukizuii.

Ningeandika na habari za shamba la Mzee, lile la bondeni, ila... tutaongea. Akili yangu iko Kitonga.

Hebu nijibu: breki zimekaguliwa lini? Gari lina breki ya injini, na inafanya kazi? Huwa unasimama juu, kabla ya kuteremka, ukagusa magurudumu kama yamepata moto? Utingo ni yule kijana wa shangazi yako? Na safari ya kwanza ni lini? Nipigie ukifika Ilula, hata kama ni saa nane za usiku. Simu itakuwa wazi.

Ndugu yako,
Hamisi