Kikao cha Jumamosi: moshi wa meli gatini

Assalaam aleikum na habari za jioni, jamaa zangu.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri tukutane ufukweni Mama Ngina, hapa Mombasa, upande unaotazama mlango wa bandari ya Kilindini. Nataka tuzungumze jambo moja tu: meli ikifunga gati haizimi kila kitu. Injini kubwa huzimwa, lakini jenereta zaendelea kunguruma usiku na mchana kwa ajili ya taa, pampu na makontena ya baridi, na moshi wake twauvuta sisi tunaoishi hapa. Tangu 2020 kiwango cha salfa kwenye mafuta ya meli kimeshushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Hilo ni jema sana, ila kaboni iko palepale. Dawa ipo: meli ikiwa gatini izime jenereta na ivute umeme wa nchi kavu. Kwetu lina maana hasa, kwani umeme mwingi wa Kenya watokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo.

Mabaharia na mnaofanya kazi bandarini, tafadhalini msikose, nyinyi ndio mnaoijua hali. Wa Likoni vukeni mapema, feri za jioni mwazijua. Mwenye swali aliandike humu leo.