Mnapiga rangi injini lakini maungio mnayaacha

Mhariri, habari za kazi. Mi ni fundi rangi huku Nyakato, Mwanza, naomba nafasi kidogo niongee na wenye magari na mafundi wenzangu, maana mvua za vuli zikianza tu tunaletewa magari yana maji miguuni kwa abiria, kila mwenye gari anasema ni mpira wa mlango, mpira unabadilishwa, hela inaenda na kapeti bado linanuka.

Mara nyingi mlango hauna kosa. Toa ile plastiki ya chini ya wipa, mwaga maji taratibu kwa kopo, utayaona yanapotelea kwenye ungio la lile bati linalotenga injini na dashibodi. Pale mabati mawili yamelaliana, yameshikwa kwa nukta nukta za kuchomelea, na hizo nukta zinazuia bati zisiachane ila maji hazizuii, kinachozuia maji ni ile gundi nzito ya kiwandani tunayoita sila. Ikizeeka inapasuka, maji yananyonywa katikati ya bati na humo hata jua liwake vipi hapakauki, ndo kutu inaanza kula kwa ndani we unaona nje kuzuri tu. Na kuna gari zinatoka zile sehemu za Japani zenye theluji ambako wanamwaga chumvi barabarani, hizo zinashuka bandarini kazi ya kutu imeshaanza.

Sasa biashara ilivyo, mtu anataka kuuza gari anakwambia fundi nipigie rangi humo kwenye injini ing'ae, fundi anaosha kwa petroli (ambayo inaacha mafuta), msasa juu juu, rangi nyeusi, imeisha hiyo. Juzi nimefungua Noah iliyopigwa rangi hivyo gereji nyingine, kwenye kikombe cha shokapu (pale kichwa cha shokapu kinapofungwa kwenye bodi) upande wa betri sila ilionekana nzima kabisa, nikaichokonoa kwa bisibisi ikanyanyuka yote kama ukoko wa ugali, chini bati limelowa lina unga wa kahawia, nikisukuma kidogo bisibisi inatokea upande wa tairi. Hapo sio kazi ya rangi tena, ni kukata na kuchomelea bati jipya.

Jamani sila iliyopasuka haipakwi nyingine juu yake. Inapashwa moto kidogo inalainika, inakwanguliwa yote, brashi ya waya mpaka bati liwe jeupe, na chini ya betri ukikuta unga mweupe osha kwanza na magadi soda na maji mengi, asidi ikibaki rangi yoyote itabanduka. Bati likikauka na kufutwa grisi unapiga praima ya epoksi (ile rangi ya kwanza ya kushika bati na kuzuia kutu), sila inakuja juu ya praima, sio kwenye chuma kitupu. Kiwandani wenyewe ndo wanavyofanya, bodi inachovywa praima kwanza, alafu sila, alafu rangi. Ipake kwa brashi ngumu uisukume iingie kwenye mfereji, ukipenda ifanane na ya kiwandani acha mistari ya brashi ionekane. Muda wa kusubiri kabla ya rangi soma kwenye kopo husika maana hazilingani, ukiwahi rangi inapasuka juu yake.

Kuna wenzangu wanatumia silikoni ya bafuni, hapa nitasema wazi huo ni uharibifu. Rangi haishiki juu ya silikoni, inakimbia inaacha vijitundu, na ile inayonuka siki inatoa asidi inayokula chuma, alafu kitambaa ulichofutia ukienda nacho kwenye boneti umeharibu na boneti. Puti (ile ya kujazia mabonde ya bati) nayo sio dawa, bodi inacheza puti haichezi, inapasuka na yenyewe inanyonya maji. Mwingine anajitahidi mpaka anaziba na vile vitundu vya chini vya kutolea maji, sasa umetengeneza tenki.



Najua mafundi hawafanyi kwa sababu mteja halipi. Kukwangua kunaweza kula siku nzima hata kompresa haijawashwa, na mteja akipita anaona gari iko vile vile anaanza maneno. Kwa hiyo wenye magari, mnapopatana bei ulizeni maungio yamo au hayamo, na mje muangalie gari ikiwa kwenye praima kabla ya rangi, fundi akiwakatalia kuiona, mkiiacha gari yenu hapo shauri yenu.

Na wenye maduka ya rangi mjini, sila ikifunguka au ikipitwa na muda inagandia humo humo kwenye tyubu. Tunauziwa jiwe, tukirudisha mnatuambia hatujui kutumia. Angalieni tarehe kabla hamjaipanga kwenye shelfu.

Fundi rangi,
Nyakato, Mwanza