Kwa Mwanangu, Uliyepangiwa Viti na Vitambaa

Bwana Yesu asifiwe, mwanangu Neema. Sisi huku Moshi hatujambo, na baba yako anakusalimu sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wenzako wamepangwa kuhubiri na kuongoza nyimbo katika ziara ya injili, nawe umepewa kazi ya kupanga viti na kufua vitambaa vya madhabahu, na sasa unajiuliza kama kweli Mungu amekuitia jambo lolote. Sikulaumu kwa swali hilo, kwa maana hata mimi nililibeba miaka mingi nikiwa nimeinamia cherehani, nikidhani kwamba wito ni wa wenye sauti tu.

Sijawahi kukusimulia vizuri usiku uliozaliwa. Ndugu zangu walikuwa mbali na baba yako alikuwa safarini, hivyo nililala wodini bila mtu wa kuniletea hata uji. Alfajiri, mama mmoja aliyekuwa akipiga deki aliacha kazi yake, akaichukua kanga yangu iliyolowa damu bila kukunja uso, akaenda kuifua, kisha akarudi na beseni la maji ya moto na uji katika kikombe cha bati. Kabla ya kunipa, alidondosha tone moja nyuma ya kiganja chake ili ajue kama hautaniunguza. Hakuniuliza ninasali wapi, na jina lake silijui mpaka leo. Mahubiri mengi niliyoyasikia mwaka ule yamenitoka, lakini kikombe kile nakikumbuka hadi rangi yake ilivyobanduka ukingoni.

Soma Matendo ya Mitume, sura ya 9. Dorkasi wa Yafa hakuandikiwa hotuba hata moja, lakini alipokufa wajane walisimama mbele ya Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Mimi niliye fundi wa nguo siwezi kupita hapo haraka, kwa sababu najua kwamba huwezi kumshonea mjane bila kumsogelea, kumzungushia futi, na kuona bega lipi limeinama kwa mizigo aliyobeba. Huduma ndogo haifanyiki kwa mbali, na ninaamini ndiyo maana Bwana wetu mwenyewe, usiku wa mwisho, alijifunga kitambaa kiunoni akawatawadha wanafunzi miguu, Yuda akiwa bado hajatoka. Kwa hiyo, mwanangu, unapopanga viti hivyo usimbague mtu, na bibi atakayekuja na mkongojo umwekee chake karibu na mlango, mahali ambapo hatalazimika kuvuka miguu ya watu.

Kuhusu vitambaa vya madhabahu, nta ya mishumaa usiikwangue kwa kisu, utachana nyuzi. Weka karatasi safi isiyo na maandishi chini na nyingine juu, upitishe pasi yenye moto wa wastani polepole, na karatasi itainyonya. Badilisha karatasi kila inapolowa. Kisha loweka usiku kucha kwa maji ya sabuni, ufue asubuhi, na unyooshe kitambaa kingali na unyevu kidogo. Uniandikie kama doa lolote litagoma kutoka.

Mama yako akupendaye.